Mche wa pasheni unanyauka baada ya kupandwa: chunguza kwanza, ndoo baadaye

Mvua zikishaanza kukolea huku Mbeya, watu hununua miche ya pasheni na kuipanda kando ya uzio. Baada ya wiki moja hivi simu zinaanza: "Fundi, mche umelegea, na maji napiga asubuhi na jioni!" Mimi huanza kuulizia hayo hayo maji ya asubuhi na jioni. Mche wenye kiu na mche uliozamishwa hunyauka kwa sura ile ile, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa haivuti maji hata yakiwa yameizunguka. Kwa hiyo ndoo iweke chini, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Utazame alfajiri

Mche unaolala saa saba mchana lakini alfajiri unaukuta umesimama hauna ugonjwa. Mizizi bado haijashika, na jua la nyanda za juu ni kali hata siku ambayo umevaa sweta. Chomeka matawi yenye majani upande wa magharibi yaukinge na jua la mchana, uuache utulie. Ukiukuta umelala hata alfajiri, endelea.

Walioko Njombe na Makete, kama ni Juni hadi Agosti na majani yameamka meusi, yamelowa kama mboga iliyochemshwa, hiyo ni sakitu, yaani baridi ya usiku iliyogandisha majani. Usikimbilie kukata, subiri uone machipukizi yanatokea wapi.

Hatua ya 2: Ingiza kidole mahali pawili

Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana hupapasa udongo wa juu tu. Ingiza kidole kwanza pembeni ya shimo, kisha katikati, kwenye lile bonge la udongo lililotoka ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni. Kina kifike pingili mbili za kidole.

Pembeni pamelowa na bonge ni kavu? Hili hutokea sana. Udongo wa kitalu huwa mwepesi, una mchanga na samadi, na ukikauka maji yanauzunguka tu na kukimbilia udongo wa shambani. Mizizi yote bado imo ndani ya bonge, kwa hiyo mche unakufa kiu katikati ya tope. Toboa bonge kwa kijiti mara tatu nne, taratibu, kisha mwagia maji kidogo kidogo karibu na shina, usubiri yanywe, urudie. Halafu weka matandazo ya majani makavu, lakini yasiguse shina.

Pote pamelowa na pananuka kama matope ya bwawa? Acha kumwagilia kabisa. Kwenye udongo mzito, hasa kule Rungwe ambako mvua haina adabu, shimo hugeuka beseni. Chimba mfereji mdogo wa kutoa maji, au ng'oa mche na bonge lake uupande upya juu ya tuta.

Hatua ya 3: Fukua shingo ya shina

Ondoa udongo pale shina linapoingia ardhini. Shina limekatwa usiku? Fukua kuzunguka mche, utamkuta sota, yule kiwavi mkata mashina, amejikunja udongoni. Kuna vijia vya udongo na gome limeliwa? Mchwa. Gome ni laini, la kahawia, linavuliwa kwa ukucha? Shingo imeoza, mara nyingi mche ulizikwa kina kuliko ulivyokuwa kwenye kiriba.

Na kama kingo za majani zimeungua huku udongo una unyevu wa kawaida, jiulize uliweka nini shimoni. Samadi mbichi, au yurea iliyogusa mizizi, inaunguza. Itoe, weka udongo safi.

Hatua ya 4: Kata shina

Ukifika hapa bila jibu, au upande mmoja wa mche umenyauka na mwingine bado kijani, kata shina kwa mshazari karibu na ardhi. Ndani pakiwa peupe au pa kijani, rudi hatua ya 2, kuna kitu hukukiona. Ukiona michirizi ya kahawia kwenye njia za maji, huo ni mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni. Hauna dawa ya kuuponya. Ng'oa pamoja na mizizi, choma, osha kisu kwa jiki iliyochanganywa na maji kabla hujagusa mche mwingine. Vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi, kwa hiyo usirudishe pasheni ya zambarau mahali hapo.

Unapotafuta mche mwingine, ulizia uliobebeshwa: juu pasheni ya zambarau, chini shina la pasheni ya njano, ambayo huuhimili ugonjwa huu vizuri zaidi. Tafuta kovu la maungio kabla hujalipa, na upande likiwa juu ya udongo. Machipukizi yatakayotokea chini ya kovu hilo yakate mapema. Hayo ni ya njano na yataishinda nguvu ya juu.