Somo: Namna ya kukagua, kununua na kutunza vigoda vya wabunifu wa katikati ya karne ya 20, kwa tulioko Dar es Salaam

Ndugu wanachama, nimeamua kuliandika somo hili mara moja na kwa ukamilifu, kwa sababu swali la "hiki kigoda ni cha kweli?" linaletwa karibu kila juma, tena likiambatana na picha moja iliyopigwa kutoka juu, ambayo haimwezeshi mtu yeyote kutoa jibu la maana. Ukweli wa kigoda uko chini yake. Atakayeuliza tena kabla ya kukipindua nitamrudisha hapa.

Hatua ya kwanza: Vijue vichache kwa undani.

Usianze kwa kutafuta kila kitu. Anza na vigoda vinne hivi, kwa kuwa kila kimoja kinafundisha namna yake ya kukagua.

Cha kwanza ni kigoda nambari 60 cha Alvar Aalto wa Ufini, cha mwaka 1933, ambacho kinauzwa na kampuni ya Artek iliyoanzishwa Helsinki mwaka 1935. Kina kikalio cha duara na miguu mitatu ya mbetula, mti wa nchi za baridi wenye mbao nyeupe, na hupangwa kimoja juu ya kingine. Cha pili ni kigoda cha kipepeo cha Sori Yanagi wa Japani, cha mwaka 1954, kilichotengenezwa na kiwanda cha Tendo Mokko: vipande viwili vya plaiwudi vinavyofanana kabisa, vilivyokunjwa na kushikanishwa kwa ufito mmoja wa shaba nyeupe. Cha tatu ni kigoda cha walnati alichokibuni Ray Eames mwaka 1960 kwa ajili ya ukumbi wa jengo la Time-Life jijini New York, kikatengenezwa na kampuni ya Herman Miller. Kimekerezwa, na kina maumbo matatu yanayotofautiana katikati tu, huku ncha zake zikiwa sawa. Cha nne ni kigoda cha Ulm, alichokibuni Max Bill pamoja na Hans Gugelot mwaka 1954 kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha ubunifu cha Ulm nchini Ujerumani. Hicho ni mbao tatu tu na fimbo moja ya mviringo, na ukikilaza ubavu unapata kimo kingine cha kukalia.

Hatua ya pili: Pa kutafuta.

Nenda kwenye minada ya vyombo vya nyumbani vya watu wanaohama Masaki, Oysterbay na Msasani. Waulize wanaofunga ofisi za zamani Upanga na katikati ya jiji. Pita kwa mafundi wa Keko, ambako samani kuukuu hupelekwa kukarabatiwa na wenyewe wakati mwingine hawarudi kuzichukua.

Hatua ya tatu: Vifaa.

Beba tochi, futi, sumaku, bisibisi bapa na karatasi nyeusi.

Hatua ya nne: Kipindue.

Hapa ndipo kazi ilipo. Muombe muuzaji ruhusa, kilaze kigoda juu ya kitambaa, kisha washa tochi na kuielekeza ubavuni ili mikwaruzo na alama zilizofifia zijitokeze.

Tazama kwanza viungo. Mguu wa kigoda cha Aalto umepindwa kwa mbinu ambayo aliipatia hataza: ncha ya juu ya kipande kizima cha mbetula huchanwa kwa msumeno katika mistari sambamba, ndani ya mistari hiyo hupachikwa vinia (matabaka membamba ya mbao) zenye gundi, kisha ncha hukunjwa hadi ifikie pembe mraba. Kwa hiyo ukiutazama mguu kwa ubavu utaona mistari myembamba kwenye kona, na mistari hiyo itaishia njiani kadiri unavyoshuka, kwa sababu sehemu ya chini ni mbao nzima. Mguu wenye matabaka kutoka juu hadi wayoni ni wa nakala. Mfano unaowachanganya wengi ni kigoda cha Frosta cha kampuni ya IKEA ya Uswidi, chenye miguu minne ya vinia zilizogandishwa pamoja. Hata hivyo msihesabu miguu peke yake, kwa maana Aalto naye alikuwa na toleo la miguu minne.

Tazama halafu skrubu. Skrubu ya mfuo mmoja inalingana na kigoda cha zamani, ilhali skrubu ya msalaba kwenye kigoda kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1930 inatia shaka. Natumia neno shaka makusudi, kwa kuwa skrubu hubadilishwa. Ukiona ya msalaba, chunguza kama tundu limepanuliwa na kama kuna alama ya duara iliyoachwa na kichwa kikubwa zaidi kilichotangulia. Kwenye kigoda cha kipepeo tumia sumaku: ikinasa ufito, basi huo ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Kisha tazama rangi. Mbetula inapozeeka hugeuka kutoka weupe kuwa rangi ya asali, lakini haigeuki sawasawa: juu, ambako mwanga na mikono hufika, hukolea zaidi, na chini hubaki hafifu. Kigoda chenye rangi ileile ya uzee kila upande kimepakwa uzee huo. Kigoda nambari 60 kimeendelea kutengenezwa hadi leo, kwa hiyo kinaweza kuwa halali kabisa na kikawa kimetoka kiwandani juzi. Uhalali na ukongwe ni maswali mawili, na kila moja lina bei yake.

Mwisho, kigonge taratibu juu ya karatasi nyeusi. Unga laini ukidondoka kutoka kwenye vitundu vidogo, kuna fukusi wanaokula ndani.

Hatua ya tano: Bei.

Weka kikomo chako kabla ya kufika mnadani, na ukipange kwa kutazama bei ambazo vigoda vimeuzwa kweli. Bei zinazotajwa na wauzaji wa nje ni matumaini yao.

Hatua ya sita: Usafiri.

Kizungushie blanketi, na kisipande bodaboda.

Hatua ya saba: Wadudu.

Kigoda kigeni kisiingie ndani ya nyumba yenye vingine kabla ya kutengwa. Mafundi wengi watakushauri upake mafuta ya taa; msikubali, kwa sababu yanaacha doa na harufu, na hayafiki walipo mabuu. Njia inayotumika kwenye makumbusho ni ya baridi, na uzuri wa vigoda ni kwamba vinaingia kwenye friza la kawaida la kulala. Kifunge kigoda ndani ya plastiki nzito, ukitoa hewa kadiri uwezavyo na kuziba kwa utepe wa gundi, kisha kiache kwa wiki mbili kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri. Ukikitoa, usifungue plastiki kwa siku nzima. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na umande utakaojikusanya lazima uwe nje ya plastiki, kamwe usiwe juu ya mbao. Kigoda chenye rangi nzito iliyoanza kupasuka au chenye ngozi kisipitie njia hii.

Hatua ya nane: Usafi. Someni hatua hii mara mbili.

Hapa ndipo vigoda vingi vilivyokwisha kuokolewa vinapofia, na mimi mwenyewe nilipoteza kimoja kwa kukiacha kwa fundi na maelekezo ya "kisafishe kidogo". Neno "kusafisha" kwa mafundi wetu wengi lina maana ya kupiga msasa hadi mbao nyeupe itokee, kisha kupaka vanishi inayong'aa. Vinia ya juu kwenye plaiwudi ya zama hizo mara nyingi haifiki unene wa milimita moja, na mashine ya msasa huimaliza kwa dakika chache, hasa ukingoni, ambako tabaka la chini lenye nyuzi zinazokwenda upande mwingine hujitokeza kama kiraka. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Hata pale ambapo mbao ni nzima, msasa huondoa rangi ya miaka sitini au sabini, kingo zilizolainishwa na mikono, pamoja na mihuri na maandishi ya kiwandani yaliyokuwa yanakithibitisha kigoda chako.

Fanya hivi badala yake. Changanya maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini isiyo na rangi, chovya kitambaa cha pamba, kikamue hadi kisidondoshe hata tone, jaribu kwanza chini ya kikalio, kisha futa kufuata nyuzi za mbao na kukausha papo hapo kwa kitambaa kingine. Kazi hiyo irudie siku nyingine kuliko kuongeza nguvu. Usitumie thina, kwa sababu inayeyusha laka ya zamani na kuigeuza utando wa kunata. Usitumie Jiki kwenye madoa meusi. Usimwagie maji, kwa maana gundi za zamani hulegezwa na maji, na kiungo kilicholegea leo kitavunjika kesho mtu akikikalia. Kama ni lazima kumpelekea fundi, mwandikie kwenye karatasi: hakuna msasa, hakuna thina, hakuna vanishi.

Hatua ya tisa: Mahali.

Mbali na jua la dirishani na mbali na mkondo wa kiyoyozi, ambao hukausha vinia hadi inyanyuke.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tabata:* Mkuu, ninacho kigoda cha mbao chenye miguu mitatu, nimeweka picha. Kinaweza kuuzwa kwa bei gani?

*Jibu:* Picha imepigwa kutoka juu. Hatua ya nne.

*Mwanachama wa Kigamboni:* Shikamoo mwalimu, na ahsante kwa somo. Nimepata kigoda kinachofanana na cha Aalto kwa kila uliloeleza, ila tupo karibu na bahari na skrubu zimeshika kutu kabisa. Ningependa kukifungua ili niangalie gundi, lakini ninaogopa kuharibu. Je, nifungue au niache?

*Jibu:* Marahaba, dada. Swali lako ni zuri kwa sababu umeuliza kabla ya kugusa. Kama kigoda hakichezi, kiache; hakuna unachohitaji kuona ndani ambacho mistari ya kona haijakuonyesha. Kama kinacheza, tafuta kwanza bisibisi ambayo upana wake unajaza mfuo wote, kwa maana bisibisi nyembamba ndiyo inayokwangua kichwa cha skrubu. Safisha kutu ndani ya mfuo kwa sindano. Kisha gusisha ncha ya pasi ya kulehemu ya mafundi redio juu ya kichwa cha skrubu kwa muda mfupi, bila kugusa mbao: chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujirudi, na mshiko wa kutu hulegea. Jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Kila skrubu ipe namba na uirudishe kwenye tundu lake, na zilizokatika usizitupe, kwa kuwa nazo ni sehemu ya ushahidi.

*Fundi wa Keko:* Ndugu mwandishi, umetusema vibaya mafundi. Wateja wenyewe ndio wanaotaka king'ae kama kipya, nasi tunafanya anachotaka mwenye mali. Tukimrudishia kikiwa na rangi ya zamani anasema hatujafanya kazi.

*Jibu:* Fundi, nimesema "wengi", na nimeeleza mteja amwandikie fundi anachotaka. Lawama ya maelekezo mabaya inamhusu mteja, na nimeitaja. Lakini sitaondoa onyo, kwa sababu mteja asiyejua anategemea anayejua amzuie. Samani ya mninga iliyotoka karakana yako mwaka jana unaweza kuipiga msasa mara tatu na isipungukiwe kitu. Vinia ya mwaka 1954 haina mara ya pili.

*Mwanachama wa Mbezi:* Ninaye fundi anayeweza kukereza kigoda cha Eames kwa mkongo na kukipaka rangi ya walnati. Tukiandika chini yake jina la kiwanda, wageni watajua?

*Jibu:* Huo ni utapeli, na hapa haufundishwi.

*Mwanafunzi, Mlimani:* Mwalimu, nimesoma kwamba vigoda vya Ray Eames vilitokana na vigoda vya Kiafrika. Je, ni kweli? Na kwa nini vigoda vingi vya asili, kama kile cha Aalto, vina miguu mitatu?

*Jibu:* Ndiyo, Ray Eames na mumewe Charles walikuwa na kigoda cha Kiafrika nyumbani kwao, na uhusiano wa umbo unaonekana wazi: pande moja la mti, kiuno kilichochongwa, juu pamebonyezwa kidogo ili mtu akae vyema. Kuhusu miguu mitatu, sababu ni ileile ya mafiga: vitu vitatu hukaa imara hata kama ardhi si sawa, wakati mguu wa nne hudai sakafu tambarare. Hasara yake ni kwamba ukiegemea ukingo ulio kati ya miguu miwili kigoda hupinduka, kwa hiyo cha Aalto usikipande kubadilisha taa. Nakushauri uende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, uangalie samani za asili kwa macho yale yale ya hatua ya nne. Vigoda vya Wagogo na Wahehe vilivyochongwa pande moja la mti vinastahili kukusanywa kwa heshima ileile. Kwa vigoda hivyo, jambo la kukagua ni mwelekeo wa nyuzi, ambazo hupita kutoka kikalioni hadi mguuni bila kiungo chochote, pamoja na alama za tezo chini.

*Mwanachama wa Upanga:* Nimerithi kigoda cha kipepeo cha mbao nyeusi nyekundu. Ndugu yangu aliyeko Ulaya anakitaka. Nikitume tu kwa mizigo ya ndege?

*Jibu:* Usikitume bado. Vigoda vya Yanagi vilitengenezwa pia kwa vinia ya rozwudi, jamii moja na mpingo wetu, na miti ya jamii hiyo inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini; rozwudi ya Brazili imo kwenye orodha kali zaidi tangu mwaka 1992. Forodha wanaweza kukizuia hata kama ni cha zamani, na kuthibitisha ukongwe ni juu yako. Piga picha za chini, za muhuri kama upo, na za ufito, uziweke hapa ili kwanza tujue ni mbao gani. Kama ndugu yako anakuja likizo, akikalie hukuhuku wakati tunaendelea.