SOMO: Lipia kipimo kabla hujalipia spea

Wakuu, salaam. Nimeshika spana muda mrefu wa kutosha kujua kwamba kinachomaliza hela za wenye magari, mara nyingi, ni kubahatisha. Gari linaletwa halina nguvu, fundi anabadilisha plagi. Halijapona, anabadilisha koili (inayoipa plagi umeme). Bado, anahamia pampu ya mafuta. Mwisho inagundulika kuna mpira wa hewa umepasuka nyuma ya injini, wa bei ndogo kuliko vyote, na vile vilivyotupwa vilikuwa vizima. Bili yote hiyo ni ya mwenye gari.

Nitakwenda hatua kwa hatua. Maswali tuyaweke mwisho.

HATUA YA 1: Peleka dalili, usipeleke jina la kifaa

Ukifika gereji ukasema "nibadilishie alteneta" (ile inayochaji betri), utabadilishiwa alteneta. Hata kama tatizo ni waya wa ethi uliolegea, fundi amefanya ulichoagiza na huna pa kumshika. Sema unachokiona na kukisikia: linafanya hivyo likiwa la baridi au likishapata moto? Mwendo gani? Ukikata kona au ukikanyaga breki? Lilianza baada ya kufanyiwa kazi gani? Kama ni mlio unaokuja na kupotea, urekodi kwa simu, maana gari lina tabia ya kupona ghafla mbele ya fundi.

Moshi nao unasema. Wa buluu, oili inaungua. Mweusi, mafuta yanaingia mengi kupita hewa inayoweza kuyachoma. Mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata joto, wenye harufu ya utamutamu, shuku maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Ule mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi usikutishe.

HATUA YA 2: Fanya kipimo kiwe kazi yenye malipo yake

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mwambie fundi: "Nataka ulipime kwanza. Niambie kupima ni kiasi gani, nitakulipa hata nisipotengenezea hapa." Akishalipwa kwa kutafuta ugonjwa, hana haja ya kurudisha muda wake kwa kukuuzia kifaa. Anayesema kupima ni bure hufidia penye spea, na anayekosa hela ya kipimo kwako hana sababu ya kutumia saa nzima kufuatilia waya.

Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na yaliyouzwa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya OBD-II ambayo mashine ndogo inachomekwa na kusoma namba ya hitilafu. Wengi wanakosea hapa. Namba ile inaonyesha mahali pa kuanzia kutafuta, haikuambii kifaa gani kimekufa.

Chukua P0301. Maana yake silinda ya kwanza inakosa kuchoma sawasawa, basi. Kwa gari lenye koili moja kila silinda, fundi anayejua kazi anafuta namba hiyo, anahamisha koili ya silinda ya 1 kwenda ya 2 na ya 2 kuja ya 1, kisha anaendesha. Namba ikirudi P0302, kosa limemfuata koili, na koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili ni nzima: apime plagi, injekta, kisha mgandamizo wa silinda. Jaribio hilo halihitaji kununua chochote. Hata hivyo utakuta mtu ameuziwa koili zote nne kwa sababu mashine "imesema".

P0420 ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa inataja katalisti ya ekzosi (kile kinachosafisha moshi), na katalisti ni ghali. Namba hiyo hiyo inaweza kuletwa na ekzosi inayovuja, sensa ya oksijeni iliyochoka, au injini inayokosa moto na kuiharibu katalisti kila siku. Ukiweka mpya bila kutibu chanzo, nayo itakufa.

HATUA YA 3: Makadirio yaandikwe

Spea peke yake, ufundi peke yake. Iandikwe kama spea ni mpya halisi, mpya ya kampuni nyingine, au iliyotumika. Ongeza mstari mmoja: "Kikizidi hapa nipigiwe kwanza." Ujumbe wa simu unatosha, mradi pande zote mbili zinauona. Omba pia urudishiwe vifaa vya zamani, na uombe kabla kazi haijaanza. Vingine, kama alteneta, muuzaji huvitaka vya zamani kama sehemu ya bei. Hapo omba kuviona tu.

HATUA YA 4: Kama hela haitoshi, panga foleni

Mbele kabisa: breki, usukani, matairi, boljointi. Pili, kinachoharibu kingine kikiachwa: injini kupanda joto, oili kuvuja, belti ya taimingi iliyopitisha muda. Hiyo belti nisiipite haraka. Kwenye injini nyingi ikikatika, pistoni zinagonga valvu, na kazi ya kubadilisha belti inageuka kazi ya kufungua hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Kama pampu ya maji inazungushwa na belti hiyo hiyo, ibadilishwe pamoja, maana ufundi wa kuifikia utakuwa umeshaulipia. Kiyoyozi na kitasa cha mlango vitasubiri.

HATUA YA 5: Nunua spea kwa namba ya chesisi

Modeli na mwaka havitoshi, kwani mwaka mmoja gari linaweza kutoka na breki za aina mbili. Magari mengi tangu 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba ya fremu iliyo fupi zaidi, kwa hiyo usishtuke ukihesabu ukakuta hazifiki.

HATUA YA 6: Mjaribu fundi kwa kazi ndogo

Usimtafute fundi siku gari limekufa, siku hiyo utamkubali yeyote. Mpelekee kumwaga oili, ukae uangalie. Je, anafuta eneo la filta kabla ya kuifungua? Anabadilisha washa (kile kipete kidogo) ya nati ya sampu, karai la oili chini ya injini? Akishajaza anawasha injini, anazima, anasubiri oili ishuke, ndipo anachomoa stiki kupima tena? Nati za tairi anamalizia kwa spana ya kipimo, au anazikaza kwa mashine mpaka basi? Anayefanya madogo hivyo hata asipojua unamtazama, makubwa utamwamini.

Fundi anayesema "hili la umeme siliwezi, nenda kwa fulani" mshike sana. Anayesikiliza injini kwa muda mfupi kisha akatangaza gia boksi imekwisha, ondoka naye taratibu. Vigae vinavyong'aa na chumba cha kusubiria chenye runinga havinishawishi sana, nimeona kazi safi ikifanyika chini ya mti.

HATUA YA 7: Kabla ya kumaliza kulipa

Endesheni wote wawili, katika hali ile ile iliyoleta tatizo. Kama mlio ulikuwa unatoka kwenye matuta, mzunguko wa lami laini hauthibitishi kitu. Dhamana ya kazi nayo iandikwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, fundi ameona uji wa maziwa kwenye kifuniko cha oili, anasema gasketi ya hedi imeungua na lazima ashushe injini. Nimkubalie?

Jibu: Bado. Gari la safari fupi wakati wa baridi linaweza kupata uji huo kwenye kifuniko kutokana na unyevu tu. Chomoa stiki: kama oili yenyewe ni safi na maji ya rejeta hayapungui, tulia. Kama yanapungua, omba vipimo: presha ya mfumo wa maji, mgandamizo wa silinda, na ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na hewa ya moto wa injini ndani ya rejeta. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa imepoa tu. Ikithibitika, kwenye magari mengi hedi inafunguliwa injini ikiwa mahali pake, kwa hiyo muulize kwa nini aishushe. Na hedi ikitoka ipimwe kama imepinda kabla ya kufungwa tena.

Swali: Mimi ni mwanamke, nikienda mwenyewe naambiwa bei moja, kaka yangu akienda anaambiwa nyingine. Nifanyeje?

Jibu: Dada, hilo lipo na ni aibu yetu mafundi. Ukishakuwa na matokeo ya kipimo kwenye karatasi, yatume kwa gereji mbili tatu uulize bei kwa maandishi. Kisha ukiambiwa kitu kimekufa, sema "nionyeshe". Pedi ya breki iliyobaki milimita 3 inaonekana kwa macho, na bushi iliyokatika inaonekana ikitikiswa kwa mtaimbo.

Swali: Gari langu ni la zamani, matengenezo yanakaribia bei ya kuliuza. Nilitengeneze au niachane nalo?

Jibu: Hela uliyokwisha kuitia usiihesabu, hairudi. Linganisha bili hii na gharama ya kupata gari jingine lenye hali ambayo hili litakuwa nayo likipona. Kumbuka hilo jingine lina magonjwa usiyoyajua. Ila kama kutu imekula chesisi, usitie hela kwenye injini.

Swali: Nimebadilisha betri, asubuhi gari haliwaki tena. Nimeuziwa betri mbovu?

Jibu: Pima likiwa limelala: karibu volti 12.6 ni betri iliyojaa. Liwashe: kati ya 13.5 na 14.7 alteneta inachaji. Vyote vikiwa sawa jioni na asubuhi betri iko chini, kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Fundi umeme atakipata kwa kupima mkondo huku akichomoa fyuzi mojamoja.

Swali: Je, ninunue mashine yangu ya kusomea hitilafu?

Jibu: Nunua. Zile za bei nafuu mara nyingi zinasoma injini tu, breki za ABS (zinazozuia tairi kujifunga) na mifuko ya hewa hazivifikii. Andika namba kabla ya kuifuta. Ukifuta, inaondoka pamoja na kumbukumbu ya joto, mwendo na mzunguko wa injini wakati kosa lilipotokea, na hicho ndicho fundi alikuwa anakihitaji.