Tangawizi kwanza, na kalenda ukutani

Nina meza soko la Mbuyuni, Moshi. Nauza tangawizi, ndimu, vitunguu swaumu na mchaichai. Kuanzia mwezi wa sita, baridi ya mlimani ikishuka mjini, wateja hawaanzi na bei. Wanaanza na, "Mama, kikohozi kinatibiwaje?" Zamani nilikuwa nawatajia mizizi tu. Siku hizi nawatajia mizizi na siku.

Kwanza ujue unatibu nini. Mafua, kikohozi cha mafua, koo linalokwaruza, tumbo la gesi, kichefuchefu cha safari: haya kwa kawaida mwili huyamaliza wenyewe, sisi tunaupunguzia adha. Hapo dawa ya jikoni naitetea kwa nguvu zangu zote, maana mara nyingi asiyeitumia anakwenda duka la dawa kununua vidonge vitano vya amoksilini, ambayo ni antibayotiki, "vya kuzuia". Mafua yanaletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Pesa imekwenda, na vijidudu vingine vilivyomo mwilini vinajifunza kuizoea dawa ambayo kesho mtoto wako ataihitaji kwa nimonia.

Ya kikohozi naipika hivi. Chukua tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba. Mimi nauza ile inayotoka Same. Ivunje. Ikitoa majimaji na harufu ikapanda puani, hiyo ndiyo. Ikiwa imesinyaa na ndani ina ukungu, iache. Ioshe vizuri, usiimenye, iponde kwenye kinu. Tia vikombe viwili vya maji na majani matatu ya mchaichai uliyoyafunga fundo. Funika sufuria, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi. Chuja. Sasa subiri: mpaka uweze kukishika kikombe kwa viganja viwili bila kukiachia, ndipo utie kijiko cha chai cha asali na nusu ndimu. Kunywa mara tatu kwa siku, na cha mwisho kinywe unapokwenda kulala, kwa sababu asali ndiyo inayotuliza kikohozi cha usiku.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja usimpe asali hata ya kulamba. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na utumbo wake bado hauna uwezo wa kuvizuia. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze tangawizi. Anayemeza dawa za kuzuia damu isigande aulize kwanza hospitali, maana tangawizi na kitunguu swaumu vikizidi vinaweza kumletea kutokwa damu.

Koo peke yake halihitaji hata tangawizi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema. Kupiga nyungu siwashauri wenye watoto wadogo. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi, na mtoto anarusha miguu!

Kuhara kunataka kipimo, siyo kukadiria. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Tumia kijiko kilekile, na kila ukichota pitisha mgongo wa kisu juu yake ili kilima kiondoke. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari iliyokwisha kupimwa ya kuchanganya na maji, ikiwepo, tumia hiyo, na uombe zinki kituo cha afya. Akianza kutamani chakula, mpikie mtori mwepesi. Ukiona damu kwenye choo, au macho yameingia ndani na hataki kunywa, ondoka muda huohuo.

Homa sasa. Mwaka 2014 mwanangu wa pili, akiwa na miaka minne, alirudi na homa kutoka kwa bibi yake huko tambarare. Nikamchemshia mwarobaini. Jina lenyewe lilinipa moyo, mti wa magonjwa arobaini. Asubuhi homa ikashuka, nikashukuru; jioni ikapanda. Siku ya tatu nilifungua viganja vyake nikaviona vimepauka kama karatasi. Zahanati walimtoboa kidole, na baada ya kama robo saa malaria ikaonekana kwenye kipimo. Alilazwa, akaongezewa damu. Mwarobaini uliniibia siku tatu.

Na dawa ya mseto iliyomponya, nayo imetoka kwenye mmea. Pakanga. Wataalamu walikitoa kiini chake, wakakipima, kila kidonge kikawa na kiasi kinachojulikana. Chai ya pakanga haina kipimo hicho, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliikubali kwa malaria. Kwa hiyo kwangu homa haingoji tangawizi: ni kipimo siku hiyohiyo.

Tangu mwaka ule nina kalenda ukutani, juu ya jiko. Siku ninapoanza dawa ya nyumbani naandika herufi ya jina la mgonjwa. Kikohozi kikifika wiki mbili, tunakwenda kupima kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure. Mtoto akihema haraka au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, kalenda haina kazi tena, mbebe.

Unga usio na jina, unaouzwa stendi kwa maelezo kwamba unatibu presha, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja, usinunue. Tangu sheria ya mwaka 2002 tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linasajili waganga na dawa zao. Omba kuona usajili. Na vidonge vya presha usiviache kwa sababu umeanza kitunguu swaumu. Wateja wangu kadhaa nimewarudisha kliniki kwa hilo.

Ukifika kwa daktari usimfiche. Funga jani au gome kwenye karatasi uende nalo, mwambie umekunywa hili, vikombe vingapi kwa siku, tangu tarehe gani. Tarehe ipo ukutani, isome kabla hujatoka.