Laptopu ya zamani yenye Linux haitoi sauti? Anza na alsamixer

Kabla hujaifuta Linux na kuiweka upya, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike alsamixer, programu ya kurekebisha sauti. Mara nyingi kadi ya sauti imeshatambuliwa vizuri, ila kuna chaneli imezimwa.

Usiishie kwenye ukurasa wa kwanza, maana huwa unaonyesha Master peke yake. Bonyeza F6 uchague kadi yenyewe, kwa kawaida huitwa HDA Intel. Ukikuta nyingine ya HDMI, hiyo ni ya kupeleka sauti kwenye televisheni, iache. Sasa tazama chini ya Master, Speaker na Headphone: MM maana yake imezimwa. Isogelee kwa mishale, bonyeza herufi M mpaka isome OO, kisha pandisha sauti kwa mshale wa juu.

Laptopu yangu ilinisumbua hata baada ya hapo. Hedifoni zilisikika, spika kimya. Kisa kilikuwa tundu la hedifoni lililolegea kwa uzee. Mashine ikadhani kuna waya umechomekwa, ikazima spika yenyewe. Kwenye alsamixer, nenda kulia kabisa utafute Auto-Mute Mode (inayozima spika waya ukichomekwa), uiweke Disabled. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na wengine hununua spika za nje bure.

Jaribu kwa amri ya speaker-test -c 2 -t wav (Ctrl+C kusimamisha). Ikilia, andika sudo alsactl store ili mipangilio isipotee ukiwasha upya.

Kama amri ya aplay -l, inayoorodhesha kadi za sauti, haionyeshi kadi yoyote, tatizo liko kwenye draiva (programu inayoendesha kadi) au BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine). Anza kukagua kama sauti haijafungwa kwenye BIOS.