Kusoma Vipokezi vya Homoni katika Utando wa Ndani wa Mji wa Mimba, Hatua kwa Hatua

Kabla ya kugusa slaidi, soma fomu ya ombi. Tarehe ya hedhi ya mwisho na dawa za homoni anazotumia mgonjwa ndizo zitakazokupa maana ya rangi utakayoiona, kwa kuwa estrojeni huongeza vipokezi vyake yenyewe, yaani protini za seli zinazoishika homoni hiyo, pamoja na vya projesteroni, ilhali projesteroni huvipunguza. Fomu isiyo na taarifa hizo mimi huirudisha kwa daktari aliyeituma.

Hatua ya 1. Hifadhi tishu katika fomalini ya asilimia 10 iliyodhibitiwa pH, kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72, kisha ukate vipande vya mikromita 3 hadi 4 kutoka kwenye bloku ya parafini.

Hatua ya 2. Ondoa parafini, kisha ufichue protini kwa joto la nyuzi 95 hadi 98 za Selsiasi kwa muda wa dakika 20 hivi, ndani ya bafa (kimiminika kinachodumisha pH) ya sitreti yenye pH 6 au ya EDTA yenye pH 9, kwa kufuata maelekezo ya kingamwili (protini inayonata kwenye kipokezi) uliyonayo. Wengi huharakisha hapa, na ndipo vipokezi vilivyopo huonekana kana kwamba havipo.

Hatua ya 3. Zima peroksidasi, kimeng'enya cha asili cha tishu, kwa peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3, weka kingamwili ya kwanza, kisha ya pili iliyobeba kimeng'enya, halafu DAB (kemikali inayogeuzwa kahawia na kimeng'enya hicho), na umalizie kwa hematoksilini (rangi ya buluu ya viini). Viini vyenye kipokezi vitakuwa vya kahawia, visivyo nacho vitabaki vya buluu.

Hatua ya 4. Soma tezi na stroma (tishu inayozizunguka tezi) kila moja peke yake. Kabla yai halijapevuka, zote mbili huwa na vipokezi vingi. Baada ya hapo, projesteroni inapotawala, vipokezi hupungua sana kwenye tezi, lakini vile vya projesteroni hubaki kwenye stroma. Kwa hiyo tezi za buluu zilizozungukwa na stroma ya kahawia mwishoni mwa mzunguko ni jambo la kawaida; iwapo stroma nayo ni ya buluu, shuku kwanza kazi yako ya hatua ya 2.

Hatua ya 5. Penye saratani, kadiria asilimia ya viini kwa kila ukali wa rangi, uizidishe kwa 1, 2 au 3, kisha ujumlishe: asilimia 20 hafifu, 30 za wastani na 40 kali hutoa alama 200 kati ya 300. Saratani ya endometrioidi (aina inayofanana na tezi za utando huu) ya daraja la chini kwa kawaida huhifadhi vipokezi vyote viwili, ilhali ya serosi (aina kali zaidi) mara nyingi huwa navyo kidogo na huonyesha p53 (protini inayozuia saratani) isiyo ya kawaida. Hata hivyo, vipokezi pekee havithibitishi saratani, maana utando wenye afya huwa navyo tele. Andika ripoti baada ya kulinganisha na umbo la tezi kwenye slaidi ya kawaida ya hematoksilini na eosini.