Kusawazisha sauti ya redio: habari isinong'one, tangazo lisigombe

Pale mwaloni Kibirizi, mama mmoja anayeanika dagaa aliniuliza: "Mwanangu, mbona mkisoma habari mnanong'ona, likija tangazo la magodoro mnatugombeza?" Nikamjibu kifundi kwamba taa za mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti studioni) zinafika palepale kwa vyote viwili. Akacheka. Alikuwa sahihi, na mimi pia, na shida ni hiyohiyo.

Taa za mikisa zinaonyesha kilele cha sauti. Sikio linajali wingi wa sauti kwa muda. Tangazo lililominywa kwa kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, linakaa juu mwanzo hadi mwisho, wakati msomaji wa habari anapanda, anashuka, anavuta pumzi. Ndiyo maana tunapima kwa LUFS, kipimo cha wingi wa sauti jinsi sikio linavyousikia, kinachotokana na kanuni ya kimataifa ya ITU-R BS.1770 ya mwaka 2006. Watangazaji wa Ulaya, kwa kanuni yao ya R 128 ya 2010, walichagua LUFS -23. Marekani hutumia -24. Mimi nimeshika -23.

Maliza kuhariri kwanza. Kisha weka mita kwenye chaneli kuu (natumia mita ya Youlean ya bure ndani ya Reaper, programu ya kuhariri sauti) na upige faili zima, usiruke hata sekunde. Soma namba ya jumla. Zile zinazorukaruka ni za milisekunde 400 na za sekunde 3, zisikubabaishe. Usihofie vituo vya msomaji: mita inaruka ukimya, haiuhesabu.

Baada ya hapo ni hesabu ya darasa la tatu, kwa kuwa LU moja, yaani hatua moja ya LUFS, ni desibeli moja. Tangazo likisoma -14, lishushe desibeli 9. Habari ikisoma -27, ipandishe 4. Hapo kwenye kupandisha ndipo watu huharibu: kama kilele kilikuwa desibeli -3, sasa kitakuwa +1, juu ya sifuri ambayo ndiyo mwisho, na sauti itapasuka. Weka limita, kizuizi cha vilele, isiyovuka -1. Ila ukiona limita inafanya kazi muda wote, rudi ukarekodi upya, maiki ilikuwa mbali na mdomo.

Mtego mwingine ni mono, yaani sauti ya chaneli moja. Sauti ileile ikitoka chaneli mbili husoma LU 3 zaidi kuliko ikitoka moja, kwa hiyo pima kila kitu kwa namna moja.

Kipindi cha moja kwa moja hakina faili la kurekebisha. Mpe mgeni asimulie safari yake ya kutoka Kasulu, si "helo, moja, mbili", huku ukiangalia namba ya sekunde 3. Akiizunguka -23, acha fada ipumzike. (Fada ya mikisa, ile swichi ya kusogeza inayopandisha na kushusha sauti, si ya parokia.)

Mwenye duka la magodoro atalalamika kwamba tangazo lake limefifia. Kaa naye, mpigie habari kisha tangazo, asikie mwenyewe.

Mwisho nasikiliza kwa redio ndogo ya betri, nje. Mkono wangu ukienda kwenye kitufe cha sauti, narudi studio.