Kabla hujapandisha sola juu ya paa, anza na mita

Wateja wengi wakinipigia, swali la kwanza ni "fundi, nyumba yangu itachukua paneli ngapi?" na mi huwajibu sijui, kaangalie mita kwanza usiku. Sio kwamba sitaki kazi, ila kila wati inayopotea ndani ya nyumba utakuja kuilipia tena kwenye paneli, kwenye inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na kwenye betri, na betri ndo inayouma mfuko.

Hatua ya 1: hesabu kitaa cha mita

Watu wakishalala zima kila kitu, hata friji ichomoe kwa dakika chache tu haiharibiki, halafu nenda kwenye mita utazame kile kitaa chekundu kinachowaka na kuzima. Pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200, yaani kikiwaka mara hizo umekula uniti moja. Shika simu upime sekunde toka kiwake hadi kiwake tena. Mita ya 1000, chukua 3600 gawa kwa hizo sekunde unapata wati (ya 1600 tumia 2250, ya 3200 tumia 1125). Tuseme umepata sekunde 36, hizo ni wati 100, na nyumba imelala! Siku nzima uniti 2.4, mwezi 72.

Hatua ya 2: msake mwizi

Zima breka moja moja huku mwenzako kasimama kwenye mita. Mara nyingi ni king'amuzi, redio kubwa iliyoachwa stendibai, chaja za kila aina. Kuna nyumba moja nilizima kila kitu na bado kitaa kinawaka kila sekunde 2, nikahangaika weee, kumbe ni hita ya maji ina breka yake peke yake stoo na bomba la maji moto linavuja chini ya sakafu, yaani walikuwa wanapasha udongo moto usiku kucha.

Hatua ya 3: maji moto na friji

Kupasha lita 50 toka nyuzi 20 hadi 60 ni kama uniti 2.3, na hiyo ni familia kuoga tu. Kwa hiyo kama paa lina nafasi, weka hita ya sola inayopasha maji moja kwa moja kabla ya kuwaza paneli za umeme. Friji, bana karatasi kwenye mlango kisha ivute, ikitoka kilaini mpira umechoka, badilisha. Taa sitaki hata kuziongelea, kama bado una globu ya wati 60 weka LED ya wati 8 au 9, mwanga ni uleule.

Hatua ya 4: sasa piga hesabu ya paneli

Tuseme umebaki na uniti 4 kwa siku na kwako unapata saa 5 za jua kali. 4 gawa kwa 5, kisha gawa kwa 0.75 maana joto, vumbi na nyaya vinakula chao, unapata kama kilowati 1.07, paneli 3 za wati 400 zinatosha.

Hatua ya 5: kivuli

Hapa ndo watu wanalia. Paneli zikiunganishwa kwa mfululizo, yaani moja inafuata nyingine kwenye laini moja, kivuli cha tawi au cha tangi kwenye paneli moja kinaweza kuvuta chini laini nzima, kwa hiyo panda juu asubuhi, mchana na jioni uone kivuli kinapita wapi ndo utoboe bati. Na acha upenyo chini ya paneli hewa ipite, zikichemka zinatoa kidogo.

Siku ya kurekebisha, usichomoe waya wa paneli umeme ukiwa bado unapita, cheche ya DC (umeme wa paneli na betri) haikatiki kirahisi kama ya AC (umeme wa soketi za ukutani) na inaunguza mkono kweli. Zima inveta, zima swichi ya DC, ndo uguse.